Ndani ya mtungi wa gesi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kimiminika, mvuke na presha

Maswali haya hutoka jikoni, kwenye duka la muuza gesi na kwenye madarasa ya kemia. Nimeyajibu kwa kuanzia kitu ambacho nyumba nyingi za mjini sasa zinacho: mtungi wa gesi, wa kilo 6 au 15 kwa Tanzania, wa kilo 6 au 13 kwa Kenya. Ukielewa kinachoendelea ndani ya chuma kile, umeelewa sehemu kubwa ya tabia za gesi na mvuke. Utaelewa pia kwa nini baadhi ya mazoea yetu jikoni ni ya hatari, na hilo ndilo linalonisukuma zaidi kuandika.

Kilichomo ndani ya mtungi ni gesi au kimiminika?

Vyote viwili, na kimiminika ndicho kingi. Chukua kiberiti cha gesi cha plastiki ang'avu, ukishike mbele ya dirisha. Chini utaona kimiminika kisicho na rangi kimetulia, na juu yake nafasi inayoonekana tupu. Haiko tupu. Imejaa mvuke wa butani, ambao macho hayauoni. Mtungi wa jikoni uko vivyo hivyo, ila chuma kinauficha. Ndani yake mna mchanganyiko wa propani na butani, ambazo hupatikana wakati wa kusafisha mafuta ghafi na wakati wa kutenganisha gesi inayotoka visimani. Uwiano wa hizo mbili hutofautiana kati ya msambazaji na msambazaji.

Ukifungua jiko, kinachopanda kwenye mpira ni ule mvuke wa juu. Kimiminika hubaki chini kikiendelea kuvukiza ili kujaza pengo.

Kama nje ni gesi, kwa nini ndani igeuke kimiminika?

Propani huchemka kwenye nyuzi 42 za Selsiasi chini ya sifuri, na butani kwenye nusu nyuzi chini ya sifuri. Kwenye jikoni ya Dar es Salaam au Mombasa yenye nyuzi 30, zote mbili zimeshapita mbali kiwango chao cha kuchemka, kwa hiyo ukizimwaga kwenye bakuli zitachemka palepale na kutoweka. Lakini kiwango hicho cha kuchemka ni cha mahali pa wazi, penye presha ya hewa ya kawaida. Ukiifungia propani kwenye chombo kigumu, mvuke wake hauna pa kwenda. Unarundikana, presha inapanda, na kuchemka kunakoma.

Hebu tupige hesabu. Mtungi wa kilo 6 una nafasi ya takriban lita 14. Kilo 6 za gesi hiyo zikiachwa zitanuke kwenye nyuzi 30 huchukua kama lita 3,000. Kuzibana lita 3,000 ndani ya lita 14, zikibaki gesi tupu, kungehitaji presha inayozidi mara 200 ya hewa ya nje. Mtungi wa aina ile haukutengenezwa kwa mzigo huo. Kinachotuokoa ni kwamba mvuke haukubali kubanwa hadi huko: presha ikifika kama mara 5 ya hewa ya nje, unaanza kugeuka kimiminika, na kimiminika chote hicho kinaenea kwenye lita 11 tu. Ndiyo maana nyumba inaweza kupikia wiki kadhaa kwa chombo ambacho mtu mmoja anakibeba mkononi.

Mvuke na kimiminika vinakaaje pamoja bila kimoja kumaliza kingine?

Hili ndilo swali la msingi kuliko yote ya ukurasa huu, na ningependa ulisome taratibu.

Molekuli za kimiminika haziendi kwa kasi moja. Baadhi zina nguvu ya kutosha kuchomoka kwenye uso wa kimiminika na kuingia kwenye mvuke. Wakati huohuo, molekuli za mvuke zinazogonga uso huo hunaswa na kurudi. Mwanzoni zinazotoka ni nyingi kuliko zinazorudi. Mvuke unavyozidi kusongamana, zinazorudi nazo zinaongezeka, mpaka idadi inalingana. Ni kama Kariakoo saa tano asubuhi: watu wanaingia na wengine wanatoka bila kukoma, lakini msongamano ni uleule. Presha ya mvuke katika hali hiyo ya kulingana ndiyo wanakemia wanaiita presha ya mvuke ya kimiminika.

Sasa angalia nini kinaamua presha hiyo. Uwingi wa kimiminika hauna sauti, wala ukubwa wa chombo. Aina ya kimiminika na halijoto yake ndivyo vinavyoamua. Propani kwenye nyuzi 20 ina presha ya mvuke kama mara 8 ya hewa ya kawaida, na kwenye nyuzi 30 inakaribia mara 11. Butani kwenye nyuzi 30 haifiki hata mara 3, na ndiyo sababu plastiki nyembamba ya kiberiti inaweza kuizuia. Propani tupu ingekipasua kiberiti hicho.

Ukitoa nusu ya gesi kwenye mtungi na kuacha halijoto ileile, presha haishuki kwa nusu. Kimiminika huvukiza kiasi cha kuirudisha karibu na ilipokuwa. Majibu mengi hapa chini yanatoka kwenye jambo hili moja.

Ndiyo maana geji ya presha hainiambii gesi imebaki kiasi gani?

Ndiyo. Kuna geji zinazouzwa za kufunga kwenye regyuleta, zenye rangi ya kijani, njano na nyekundu. Geji ya presha kwenye mtungi wa aina hii inapima halijoto ya kimiminika, si wingi wake. Mtungi uliojaa wakati wa baridi unaweza kuonesha presha ndogo kuliko mtungi uliobakiza robo mchana wa joto.

Chukulia mtungi wa kilo 6 kwenye nyuzi 30. Tone la mwisho la kimiminika linapovukiza, mvuke uliobaki ndani ya lita zile 14 una uzito wa gramu 100 hadi 150 hivi. Kuanzia hapo ndipo presha inaporomoka, na huo ni mlo mmoja tu. Ndiyo sababu watu husema gesi "imeisha ghafla" wakati wali uko jikoni. Kwa siku zote zilizotangulia, mtungi haukuwa na namna ya kukuonya kwa presha.

Nitajuaje basi kilichobaki?

Kwa mizani. Kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu, kwa kawaida kwenye mkono wa juu au ubavuni. Toa uzito huo kwenye uzito unaosoma na utapata kilo za gesi. Unapobadilisha mtungi dukani, mwombe muuzaji aupime mbele yako kabla hujalipa. Ni haki yako, na muuzaji mwaminifu hakasiriki.

Usipokuwa na mizani, mwagia ubavu wa mtungi maji ya vuguvugu kutoka juu hadi chini, subiri kidogo, kisha pitisha kiganja. Sehemu yenye kimiminika itabaki baridi kwa sababu kimiminika kinanyonya joto la maji; sehemu ya juu yenye mvuke itakuwa na joto. Mpaka kati ya hizo mbili ndio usawa wa kimiminika. Tumia maji ya vuguvugu, si yanayochemka.

Kwa nini mtungi hutoa jasho, na wakati mwingine hushika barafu?

Kuvukiza kunahitaji joto. Zile molekuli zinazochomoka ndizo zenye nguvu nyingi, kwa hiyo zinazobaki ni baridi zaidi. Kila kilo ya propani au butani inayogeuka mvuke inahitaji takriban kilojuli 350 za nishati ya joto, na joto hilo linatoka kwenye kimiminika chenyewe, kisha kwenye chuma, kisha kwenye hewa inayouzunguka mtungi.

Jiko dogo la nyumbani linalotumia gramu 150 kwa saa linadai joto la wati 15 tu. Hewa ya jikoni inalitoa bila shida. Lakini mama lishe mwenye jiko kubwa linalomaliza kilo nzima kwa saa anadai karibu wati 100 kutoka kwenye mtungi uleule mdogo. Hewa haiwezi kupitisha joto haraka kiasi hicho. Kimiminika kinapoa, chuma kinapoa, unyevu wa hewa unagusa chuma baridi na kugeuka matone. Ukiangalia vizuri utaona jasho limeishia kwenye mstari fulani: hapo ndipo kimiminika kilipofika. Matumizi yakizidi, matone hayo yanaganda kuwa barafu, presha inashuka na moto unafifia huku gesi ingalimo.

Anayepikia watu wengi anunue mtungi mkubwa, au aunganishe miwili kwa vifaa vinavyostahili, kazi ifanywe na fundi. Mtungi mkubwa una ubavu mpana wa kupokea joto. Kuuzungushia mtungi makaa au kuuweka karibu na jiko ili "uamke" ni kucheza na maisha.

Asubuhi za baridi Njombe au Limuru moto unakuwa mdogo. Nimeuziwa gesi mbovu?

Huenda hapana. Kwenye nyuzi 5 presha ya mvuke ya butani inazidi kidogo tu ile ya hewa ya usawa wa bahari. Nyanda za juu zina nafuu fulani, kwa kuwa hewa ya huko yenyewe ni nyepesi: kwenye mita 2,000 presha ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani, hivyo mvuke wa butani una upinzani mdogo wa kuushinda. Hata hivyo baridi hupunguza joto linaloingia kwenye mtungi, na matokeo unayaona kwenye moto.

Kuna jambo la pili, nalo ni zuri sana kwa anayependa kemia. Propani na butani hazitoki mtungini kwa uwiano wa kimiminika. François-Marie Raoult, mwanakemia Mfaransa wa karne ya 19, alionesha kwamba kila kijenzi cha mchanganyiko huchangia presha kulingana na sehemu yake kwenye kimiminika. Tuseme katika kila molekuli 100 za kimiminika, 30 ni propani. Kwenye nyuzi 30 propani inachangia karibu mara 3.2 ya hewa ya kawaida, butani karibu mara 2. Maana yake ni kwamba mvuke unaotoka una propani zaidi ya asilimia 60, ingawa kimiminika kina asilimia 30 tu. Propani inatangulia kwisha, na mtungi unaokaribia mwisho unabaki na butani nyingi, yenye presha ndogo. Pwani hutaliona hilo sana. Makete mwezi wa saba utaliona.

Gesi ikikaribia kuisha, nikiulaza mtungi moto unapanda. Kuna ubaya?

Ubaya ni mkubwa. Ukiulaza au kuugeuza, kimiminika kinaingia kwenye vali na regyuleta badala ya mvuke. Lita moja ya kimiminika hicho huzaa karibu lita 250 za gesi. Regyuleta imeundwa kupokea mvuke na kuushusha hadi presha inayozidi ya hewa ya nje kwa asilimia 3 hivi, sawa na uzito wa maji ya kina cha sentimita 30. Ikipitiwa na kimiminika, kitachemkia kwenye mpira au kwenye jiko lenyewe, na mwali unaweza kuruka hadi usoni pako. Moto unaouona unapanda ndiyo dalili ya kwanza ya hatari hiyo.

Mtungi usimame wima unapotumika na unapobebwa. Kuutikisa, nako, hakuongezi chochote. Kunachanganya tu kimiminika kilichomo.

Kwa nini mtungi haujazwi mpaka juu?

Kwa sababu kimiminika hiki kinatanuka sana kikipata joto. Propani ikitoka nyuzi 20 hadi 40 inaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 7. Maji kwa tofauti hiyohiyo hayafiki hata asilimia 1. Mtungi uliojaa kimiminika tupu hauna mvuke wa kubanwa. Kimiminika hakibaniki, hivyo nyuzi chache za ziada zingetosha kuusukuma chuma kwa nguvu isiyo na kiasi. Ndiyo maana wajazaji halali huacha karibu sehemu moja ya tano juu kwa ajili ya mvuke. Anayehamisha gesi kwa mpira kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo uani hana namna ya kupima nafasi hiyo. Tafadhali usinunue kwake, hata kama bei ni nafuu.

Mtungi ukikaa juani utalipuka?

Jua la kawaida peke yake kwa mtungi uliojazwa vizuri halitoshi. Kwenye nyuzi 50 propani tupu ina presha kama mara 17 ya hewa, na mitungi hujaribiwa kwa presha kubwa kuliko hiyo. Bado uuweke kivulini, kwa sababu hujui ulijazwaje.

Moto ni habari nyingine. Mtungi ukilambwa na moto, chuma cha sehemu ya juu, isiyo na kimiminika cha kuipoza, kinalegea wakati presha ya ndani inapanda. Kikipasuka, presha inaporomoka mara moja, na kimiminika chenye joto kinachemka chote kwa pamoja. Wingu linalotoka linawaka angani. Zimamoto hulijua tukio hili vizuri. Ndiyo sababu huimwagia maji mitungi iliyo karibu na moto hata kabla haijashika. Kama moto umefika kwenye mtungi, ondokeni watu wote na pigeni simu zimamoto.

Harufu ile ni ya gesi yenyewe?

Hapana. Propani na butani safi hazina harufu. Huongezwa kiasi kidogo cha ethanethioli, kemikali yenye salfa, ili pua ikamate uvujaji mapema, gesi ikiwa bado chini sana ya kiwango cha kuweza kuwaka.

Kiwango hicho nacho kina mipaka. Gesi hii huwaka ikiwa kati ya asilimia 2 na 9 ya hewa, takriban. Chini ya hapo ni chache mno. Juu ya hapo oksijeni haitoshi. Jikoni ndogo ya mita 2 kwa 2 yenye dari ya mita 2.5 ina lita 10,000 za hewa. Asilimia 2 yake ni lita 200 za gesi, na hizo zinatoka kwenye gramu 400 tu za kimiminika. Hali halisi ni mbaya zaidi ya hesabu hiyo, kwa sababu gesi haienei sawa. Molekuli ya propani ina uzito mara 1.5 ya wastani wa hewa, na ya butani mara 2. Gesi iliyovuja inashuka na kutandaa sakafuni, inaingia chini ya kabati, inatiririka kwenda chumba cha chini. Karibu na sakafu unaweza kuwa na mchanganyiko unaowaka wakati pua ya aliyesimama inasikia harufu hafifu.

Ukisikia harufu: usiwashe wala kuzima swichi yoyote, feni ikiwemo. Funga vali ya mtungi. Fungua milango, hasa inayofika chini, maana dirisha la juu peke yake halitoi gesi nzito. Toeni watu nje. Kutafuta panapovuja tumia povu la sabuni kwenye viungio na mpira, kiberiti usikiguse.

Kanuni ya Boyle tuliyosoma shuleni ina kazi gani hapa?

Robert Boyle alieleza mwaka 1662 kwamba gesi ikibanwa hadi nusu ya ujazo wake, kwa halijoto ileile, presha inakuwa maradufu. Kwa hewa ya kwenye pampu ya baiskeli hilo ni kweli. Kwa mvuke unaokaa juu ya kimiminika chake si kweli hata kidogo: ukiubana, sehemu yake inageuka kimiminika na presha inabaki palepale.

Kanuni za Boyle, Charles na Gay-Lussac zinachukulia molekuli kama nukta zisizo na ukubwa na zisizovutana. Ni kwa sababu molekuli zinavutana ndipo kimiminika kinawezekana. Johannes van der Waals wa Uholanzi aliingiza mambo hayo mawili, ukubwa wa molekuli na mvutano wake, kwenye mlinganyo mmoja mwaka 1873, na mwaka 1910 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kwa maoni yangu mwanafunzi angepaswa kukutana na jina lake mapema zaidi kuliko inavyofanyika, kwa sababu mtungi wa nyumbani kwao unamtii yeye kuliko Boyle.

Kwa nini maharage huchelewa kuiva Mbeya kuliko Tanga?

Kimiminika kinachemka pale presha ya mvuke wake inapolingana na presha inayokigandamiza. Tanga, usawa wa bahari, maji hufikia hapo kwenye nyuzi 100. Mbeya mjini na Nairobi, karibu mita 1,700 na zaidi kidogo, hewa ni nyepesi na maji yanachemka kwenye nyuzi 94. Kileleni Uhuru, mita 5,895, presha ya hewa ni karibu nusu na maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi. Kinachoivisha harage ni halijoto, wala si mapovu, hivyo nyuzi 6 pungufu zinaongeza muda mwingi.

Jiko la presha hufanya kinyume. Linafungia mvuke hadi presha ifike karibu mara 2 ya kawaida, na maji hayachemki mpaka nyuzi 120.

Hapa pana akiba ya gesi ambayo wengi wanaipoteza. Maji yakishachemka kwenye sufuria, moto mkubwa hauyapandishi halijoto tena. Unayageuza mvuke tu. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 30 hadi 100 kunahitaji kilojuli 290 hivi. Kuigeuza lita hiyo yote kuwa mvuke kunahitaji karibu 2,250, kama mara nane. Sufuria inayotokota kwa fujo na inayochemka taratibu zina halijoto sawa. Funika, punguza moto, na chakula kitaiva kwa muda uleule.

Ule weupe unaotoka kwenye birika ndio mvuke?

Mvuke wa maji hauonekani. Tazama mdomo wa birika linalochemka: sentimita moja au mbili za kwanza zinaonekana tupu, na hapo ndipo mvuke ulipo. Weupe unaofuata ni matone madogo ya maji yaliyojitengeneza mvuke ulipopoa. Pale patupu ndipo pa kuogopwa. Mvuke ukigusa ngozi hurudi kuwa maji na kuachia lile joto lake lote, ndiyo maana unaunguza vibaya kuliko maji ya moto ya nyuzi hizohizo.

Mtungi wa udongo unapozaje maji bila umeme?

Kwa uvukizi. Maji yanapenya udongo na kuvukia ubavuni, na kila gramu inayoondoka inabeba juli 2,400 hivi. Gramu 10 zikivukia, lita moja inaweza kushuka kwa nyuzi 5. Dodoma, kwenye hewa kavu, unafanya kazi vizuri sana. Pwani hewa tayari ina mvuke mwingi, molekuli zinarudi karibu kwa wingi zinavyotoka, na maji hayapoi kiasi hicho.

Kuna tofauti kati ya mvuke na gesi?

Kuna mpaka, na Thomas Andrews aliutangaza mwaka 1869 baada ya majaribio yake huko Belfast. Kila kitu kina halijoto ambayo, ukiipita, hakuna presha itakayokigeuza kimiminika: chini yake huitwa mvuke, juu yake huitwa gesi. Kwa kaboni dioksidi ni nyuzi 31. Kwa hiyo mtungi wa kuzimia moto wa kaboni dioksidi, ukiwa kwenye stoo ya Dar es Salaam mwezi wa pili, unaweza kuwa na kimiminika asubuhi na mchana usiwe nacho kabisa, bila kitu kutoka. Propani mpaka wake ni nyuzi 97, butani 152. Zote mbili ziko juu ya joto letu lolote, ndiyo maana tunaweza kuzihifadhi zikiwa kimiminika.

Na gesi ya kwenye bajaji na magari, ni hiyohiyo?

Siyo. Ile ni gesi asilia, sehemu kubwa methani. Kwa Tanzania sehemu yake hutoka Songo Songo, ilikogunduliwa mwaka 1974 na kuletwa Dar es Salaam kwa bomba kuanzia 2004. Mpaka wa methani ni nyuzi 82 chini ya sifuri, hivyo ndani ya tangi la bajaji hakuna kimiminika. Ni gesi iliyobanwa hadi mara 200 hivi ya hewa ya kawaida, kwenye tangi nene. Kwa tangi hilo geji ya presha ni ya kuaminika: ikishuka nusu, gesi imebaki karibu nusu. Methani pia ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda juu. Ili kuipakia melini ikiwa kimiminika hupozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, na ujazo wake unapungua takriban mara 600.

Kamwe usijaribu kutia gesi ya aina moja kwenye mtungi wa nyingine.

Mtungi ulioisha una kitu ndani?

Una gesi yenye presha sawa na hewa ya nje, kama gramu 30 kwa mtungi wa kilo 6, pamoja na mabaki mazito yasiyovukia kirahisi. Haitoshi kupikia, inatosha kuwaka. Ukiupeleka dukani kwa pikipiki, funga vali kwanza, rudishia kifuniko chake, na uusimamishe wima kama uliojaa.